Usimlazimishe Mgeni Kula

Juma hili nataka tuzungumze juu ya sahani. Sisemi zile za mapambo, nasema ile uliyo nayo kabatini, ambayo mgeni akija waijaza hata chakula kinasimama kama kichuguu, na akiacha kidogo wamwuliza, "Kulikoni, chakula changu hakina chumvi?" Nina sababu ya kuichagua habari hii. Mwaka jana sahani ya namna hiyo ilimtia dada yangu taabuni mbele ya watu wapatao mia moja, na aliyemtia taabuni si mtu mwingine, ndimi.

Nitaeleza jambo lote tangu mwanzo, maana nadhani wengi wataona kwamba limo hata nyumbani mwao.

Dada yangu amenizidi miaka saba. Kazi yake ni biashara ya ndizi na maharage. Hununua katika soko la Tengeru na kuuza mjini Arusha katika soko la Kilombero. Asiyelijua soko la Tengeru aende siku ya Jumatano au Jumamosi, atakosa hata pa kuweka mguu. Biashara ile ina kula kwake: alfajiri chai ya maziwa na chapati mbili, saa nne supu, mchana wali, na jioni ndizi na nyama nyumbani. Tangu alipozaa mtoto wa pili alinenepa, nasi tulimsifu. Tulimwambia, "Dada, shemeji anakutunza." Tuliendelea kumsifu mpaka magoti yakakataa kumbeba, kisukari kikaja, shinikizo la damu likafuata, na usiku akawa anakoroma na kukatika pumzi hata mumewe akawa haogopi wezi tena, anaogopa kulala mwenyewe asije akaamka amekwisha kuwa mjane.

Alipimwa akaonekana ana kilo 118, na urefu wake ni meta 1.60. Waganga wana hesabu yao juu ya jambo hili, nayo ni rahisi. Chukua urefu wa mtu kwa meta, uzidishe kwa urefu huo huo, 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Kisha gawa uzito kwa hesabu hiyo. 118 kwa 2.56 wapata 46. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima akifika 25 amezidi uzito, na akifika 30 huo ni unene wa kupindukia. Dada alikuwa amepita mbali. Wala hakuwa peke yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa wamezidi uzito au wana unene wa kupindukia. Profesa Mohamed Janabi, ambaye alikuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, amewahimiza Watanzania mara nyingi wapunguze kula. Watu wengi walicheka, wakafanya mzaha, kisha wakaenda kula.

Labda utauliza, kwa nini dada hakujinyima tu? Alijinyima, tena mara nne. Kila mara alipunguza kilo kumi, zikarudi kumi na mbili. Mwisho daktari alimwambia kwamba ipo njia ya upasuaji. Njia hiyo si ya mtu anayetaka gauni la harusi limkae vizuri. Tangu mwaka 1991 madaktari wengi walifuata kanuni iliyotolewa Marekani, kwamba upasuaji huo ufikiriwe kwa mtu aliyefika 40 katika hesabu ile niliyoieleza, au 35 kama tayari ana magonjwa yaletwayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo vilibadili kanuni, vikasema hata mwenye 35 asiye na magonjwa hayo anafaa.

Hapo ukoo uligawanyika. Ili apate fedha ilimbidi auze kipande cha shamba, na kaka yetu mkubwa alisema, "Watu huuza shamba wapate chakula, wewe wauza shamba ushinde na njaa?" Tulicheka sote, lakini dada hakucheka. Alisema, "Kaka, wewe wanihesabia shamba, mimi najihesabia miaka." Akaenda Dar es Salaam, akapasuliwa katika hospitali moja kubwa huko.

Nieleze kidogo kinachofanywa, kwa maana watu huchanganya mambo. Iko njia ya puto, ambayo Hospitali ya Muhimbili huko Mloganzila ilianza kuitoa katika miaka hii ya 2020. Hiyo si upasuaji; puto hupitishwa mdomoni, hujazwa likiwa tumboni ili mtu ashibe upesi, na baada ya miezi kadhaa hutolewa. Upasuaji ni jambo jingine. Namna moja hutengeneza kifuko kidogo sana sehemu ya juu ya tumbo, kiasi cha vijiko viwili vya mezani tu, kisha utumbo mwembamba huunganishwa na kifuko hicho, na chakula hupita njia ya mkato. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ndiye aliyeianza njia hiyo mwaka 1966. Namna nyingine, aliyofanyiwa dada, hukata na kuondoa kabisa kama robo tatu ya tumbo au zaidi, kikabaki kifuko chembamba chenye umbo na ukubwa wa ndizi. Sisi wa Meru hatuhitaji kuchorewa picha hapo. Na ile sehemu inayoondolewa ndiyo itengenezayo kwa wingi kichocheo cha njaa kiitwacho grelini, ambacho wataalamu wa Japani walikigundua mwaka 1999. Ndiyo sababu miezi ya mwanzo aliyepasuliwa haoni njaa kama zamani.

Dada alirudi nyumbani na vidonda vidogo vitano tumboni na karatasi moja ya maagizo. Shemeji aliibandika karatasi ile ukutani, juu ya jiko la gesi. Mimi pia niliisoma. Tena niliisoma kwa sauti, maana nilisomea ualimu, na mtu aliyesomea ualimu hawezi kuiacha karatasi ikae kimya.

Juma la kwanza na la pili ni vitu vya maji peke yake: maji, supu iliyochujwa, chai isiyo na sukari, maziwa yasiyo na mafuta mengi, vyote kwa kunywa funda dogo dogo katika kikombe cha kahawa. Juma la tatu na la nne ni vyakula laini kama uji: maziwa mgando, maharage yaliyopondwa na kuchujwa, mtori uliosagwa pamoja na nyama yake. Kisha huja yai lililopikwa laini, samaki asiye na miba, parachichi lililopondwa, na kuku aliyeiva mpaka anaachana na mfupa. Baada ya majuma nane hivi ndipo mtu huanza kujaribu chakula cha kawaida, kimoja kimoja. Hospitali hazitoi karatasi sawasawa kila mahali, kwa hiyo mwenye jambo hili afuate ile aliyopewa na daktari wake, asifuate gazeti.

Lakini kanuni nyingine hazikwishi na majuma nane; hizo ni za maisha. Kula nyama, yai, samaki, maharage au maziwa kwanza, kwa sababu mwili unahitaji protini na nafasi ni ndogo; wengi huambiwa wafikishe gramu 60 au zaidi kwa siku. Ugali, wali na ndizi vije nyuma, na pengine visije kabisa. Tafuna mpaka chakula kiwe kama uji. Sahani ndogo, kijiko cha chai, na nusu saa nzima kwa mlo mmoja. Usinywe wakati wa kula. Ngoja nusu saa baada ya kula ndipo unywe. Maji yatimie lita moja na nusu kwa siku, lakini kwa funda ndogo ndogo. Hapo kuna kazi, maana huwezi kuinua bilauri ukaimaliza kama zamani. Dada alitembea na chupa ya maji sokoni kama mama anavyotembea na mtoto mchanga.

Juma la tatu mama yetu alishuka kutoka Akeri na sufuria ya machalari ndani ya kikapu, imefunikwa kwa majani ya mgomba ili isipoe. Aliamka saa kumi za usiku kuipika. Dada alionja mchuzi vijiko vitatu vya chai, akaweka kijiko chini. Mama akangoja. Dada hakukiinua tena. Mama akasema, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Dada akaeleza, na shemeji akaonyesha karatasi ukutani, lakini mama hakusoma miaka mingi, na hata angalisoma, karatasi ya Dar es Salaam haina nguvu mbele ya sufuria ya Akeri. Alirudi na machalari yake. Barabarani, nilipomsindikiza, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Nilimlea kwa mkono huu. Sasa mkono huu nitaupeleka wapi?"

Ndugu msomaji, nafikiri neno lile la mama ndiyo shida yenyewe. Kwetu hatuna maneno mengi ya mapenzi. Baba hamwambii bintiye aliyeolewa kwamba anamkumbuka, humwambia mkewe, "Mwongezee nyama." Mtu aliyepunguzwa tumbo amefungiwa mlango ambao upendo wote wa nyumbani ulipitia. Daktari aliyepunguza tumbo hakupunguza ukoo, wala jirani, wala sherehe za mwezi wa Desemba. Hao wote wapo palepale na miiko yao.

Sasa nifike katika kosa langu. Juma la saba mwanangu wa kwanza alipokea komunyo ya kwanza, nikafanya karamu nyumbani Moshono. Tulichoma ndafu, yaani mbuzi mzima, kama desturi ya siku hizi huku kwetu, na mtoto akakata vipande na kuwalisha wakubwa mmoja mmoja kwa mkono wake. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu. Shangazi yake alikuwa amekaa nyuma na chupa yake ya maji. Niliona aibu kwamba shangazi wa mtoto hajaonja kitu. Nikasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Shangazi yu wapi? Shangazi asipolishwa, karamu haijafunguliwa!" Watu wakapiga makofi. Dada akanitazama. Kisha akamtazama mtoto aliyekwisha kunyoosha mkono wenye kipande cha nyama ya mbuzi, ngumu, kubwa kama kiberiti. Akafungua kinywa.

Hakuweza kukitema mbele ya mtoto. Alitafuna kwa dakika kadhaa, akameza. Muda mfupi baadaye nilimkuta nyuma ya jiko, amejishika kifua, mate yakimtoka kama povu, machozi yakimtiririka, akitapika. Chakula kilikuwa kimekwama katika mfuko ule mdogo ambao ulikuwa bado haujapona. Alipotulia aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, karatasi si uliisoma?"

Nilikuwa nimeisoma. Niliweza hata kuiandika kwa kichwa. Lakini niliogopa macho ya wageni kuliko nilivyoogopa tumbo la dada.

Tena ubaya haukuishia hapo. Wageni wawili walimwona akitapika, na Jumatano iliyofuata maneno yalikuwa yamekwisha kufika sokoni Tengeru. Mwanamke aliyekuwa mnene, sasa kila juma nguo zinamlegea, anatapika, anameza vidonge kila asubuhi: watu walijumlisha, wakapata jibu lao, kwamba ana ugonjwa wa UKIMWI na anauficha. Mteja mmoja wa siku nyingi aliacha kununua kwake. Vidonge vile vilikuwa vitamini. Sisemi hivi ili mtu mwenye virusi vya UKIMWI aonekane duni, maana naye hutumia dawa zake akaishi na kufanya kazi kama wengine. Nasema ili tuone jinsi tulivyo wepesi: mtu akinenepa twamsifu bila kumpima, akikonda twamhukumu bila kumwuliza.

Juu ya vidonge hivyo niseme wazi, maana ndipo wengi huharibikiwa. Aliyepasuliwa hivi hula kidogo, na katika ile namna ya njia ya mkato chakula hakipiti sehemu ya utumbo ambapo mwili huchukua madini mengi. Kwa hiyo hutakiwa kumeza vitamini na madini, hasa vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, si kwa mwezi mmoja bali maisha yake yote, na kupimwa damu mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Akiacha kwa sababu anajiona mzima, upungufu wa damu na ganzi ya miguu vyaweza kuja polepole. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Yapo mengine ambayo mtu na jamaa zake wayajue mapema. Majuma ya kwanza, homa, maumivu makali ya tumbo au mapigo ya moyo yanayokwenda mbio si mambo ya kungojea asubuhi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, maana huenda mshono unavuja. Kutapika kwa siku nyingi nako si kawaida, kwa sababu mwili huishiwa vitamini B1 upesi na mishipa ya fahamu huweza kudhurika. Dawa za maumivu kama diklofenaki asijinunulie dukani, zaweza kumletea vidonda vya tumbo, hasa aliyefanyiwa njia ya mkato. Dawa za kisukari na za shinikizo zapasa kupunguzwa na daktari kadiri uzito unavyoshuka, asijipunguzie mwenyewe. Mwanamke angoje miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba, tena awe mwangalifu, kwa maana uzito ukishuka uzazi huweza kurudi hata kwa aliyekuwa amekata tamaa. Pombe, hata ile ya ndizi ya nyumbani, humpanda upesi kuliko zamani. Na vitu vitamu sana, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya mkato, vyaweza kukimbilia utumboni kwa haraka vikamletea jasho, moyo kwenda mbio, kizunguzungu na kuhara.

Mwezi wa nne nywele za dada zilianza kutoka. Alilia kwa nywele kuliko alivyolia kwa vidonda. Hospitali walimweleza kwamba jambo hilo hutokea kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwamba nywele huota tena mtu akila protini yake na kumeza madini yake. Zimeota. Ngozi ya mikono na tumbo ililegea, hiyo bado. Na mwezi wa Julai, baridi ya Meru iliposhuka, yeye aliyekuwa akitembea bila sweta alivaa mawili.

Lakini kitu kilichomshinda zaidi, aliniambia, ni saa nne asubuhi. Saa ile wenzake wote sokoni huenda kwa mama lishe kunywa supu. Njaa hakuwa nayo. Alichokosa ni kukaa kwenye benchi lile, kucheka, kusikia habari za bei. Alijaribu kukaa bila kula, wakamwambia anaringa. Akaacha kwenda. Mwezi mzima alikaa peke yake juu ya gunia la maharage na chupa yake. Kisha akatafuta njia nyingine: alimwomba mama lishe ampe supu robo kikombe bila mafuta, akalipa bei ya kikombe kizima, akawa anaishika mkononi nusu saa nzima akizungumza. Mama lishe alikataa ile bei baada ya siku ya tatu. Jioni akaanza kutembea kuzunguka ziwa Duluti na jirani mmoja, na huko ndiko alikomweleza mtu wa kwanza, nje ya ukoo, kwamba alipasuliwa. Jirani yule alisema, "Kumbe! Nasi tulikuwa tunakusanya michango ya mazishi."

Usidhani kwamba baada ya hapo kazi imekwisha. Huko Sweden ulianza uchunguzi mkubwa mwaka 1987, wakafuatwa watu wapatao 2,000 waliopasuliwa na wengine wapatao 2,000 ambao hawakupasuliwa. Ilionekana, na mwaka 2007 ikatangazwa, kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao katika miaka ile. Ilionekana pia kwamba uzito hushuka sana mwaka wa kwanza na wa pili, kisha kiasi fulani hurudi. Mfuko mdogo hukataa nyama ngumu, lakini haukatai soda, wala chai yenye vijiko vitatu vya sukari, wala biskuti, wala juisi, wala kripsi za kutafuna kidogo kidogo kutwa nzima. Vitu hivyo hupita kama maji mferejini. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hujaa hata kama tumbo ni ndizi moja.

Sasa, ndugu msomaji, wewe uliye mwenyeji, mwenye sufuria, utafanya nini akija mtu wa namna hii? Nakupa niliyojifunza kwa aibu.

Kwanza, usimpakulie. Mpe kibakuli kidogo na kijiko kidogo, ajipakulie mwenyewe, kisha usikitazame kibakuli chake. Akisema ametosheka, ametosheka. Usiseme, "Hata kidogo?" Kidogo hicho ndicho kinachomkwamisha.

Pili, usimtangaze. Akitaka kueleza ataeleza. Wala usimsifu kila mkutanapo kwa kukonda, wala kumsikitikia. Mwulize habari za biashara, za watoto, za mvua. Amechoka kuwa tumbo; anataka kuwa mtu.

Tatu, kaa naye. Yeye anahitaji nusu saa kumaliza mayai mawili, nawe umezoea kumaliza sahani kwa dakika saba ukainuka. Usiinuke. Punguza mwendo wako, utaona hata wewe washiba mapema.

Nne, ukitaka kumpa, mpe kisicholiwa pale pale.

Hili la nne si langu, ni la mama. Miezi mingi hakupika chochote dada alipokwenda Akeri. Alikaa tu amekunja mikono. Kisha siku moja tulimkuta ametoa kisufuria kidogo, kile alichokuwa akitupikia uji tulipokuwa wachanga, ambacho sikujua kwamba bado kipo. Alipika mtori ndani yake, nyama ameisaga mara mbili, hakuna mafuta juu. Akaupakua katika kikombe. Dada alikula vijiko vinane, na mama akavihesabu, nami nilimwona anavihesabu kwa midomo. Hakumwambia aongeze. Tulipoaga, mama aliingia mgombani na panga, akarudi na mkungu mzima wa ndizi, akautia katika gari la dada kwa mkono wake mwenyewe. Alisema, "Hizi si za kula. Ni za kuuza."

Sasa kila tuendapo hurudi na mkungu. Dada amefika kilo 84, dawa za shinikizo amepunguziwa, kisukari bado anapimwa, na usiku shemeji hulala. Mteja yule aliyeondoka hajarudi, lakini wamekuja wengine. Nami nina mtoto wa pili ambaye mwakani atapokea komunyo ya kwanza. Ndafu itakuwapo, maana wageni wanaipenda. Lakini nimekwisha kumwambia mtoto kwamba shangazi yake hatalishwa. Atampelekea ua, kisha akae karibu naye. Na kipaza sauti nitampa mtu mwingine.